Kesi ya Mguu wa Mama

Kaka yangu mkubwa hafungi kitu, anakikomesha. Akifunga bomba la jikoni kwa mkono wake, mimi na mama tunachota maji bafuni mpaka atakaporudi kulifungua. Chupa ya chai tumejifunza kuimimina yote vikombeni kabla hajafika mezani, maana akishaigusa, kifuniko kile hakitoki tena kwa nguvu za binadamu wa kawaida. Kwenye kabati letu kuna chupa ya jamu aliyoifunga yeye. Tunaiona kupitia kioo, tunaijua kuwa ni ya machungwa, basi.

Ni afisa usalama kiwandani. Kazi yake ni kutembea huku na huku akiwakumbusha watu wazima kuvaa kofia ngumu, na nyumbani tulishamwita hivyo hivyo, Kofia Ngumu. Lakini usidhani ni kazi iliyomharibu. Alianza utotoni, siku alipokuwa amekaa kiti cha mbele na marehemu baba, gari likiteremka barabara kuu, akaona tairi likiwapita upande wa kulia, linakimbia peke yake. Baba akacheka, akasema, "Tazama, kuna mjinga kaachwa na tairi lake." Kisha gari letu likainama upande mmoja.

Hakuna aliyeumia. Gari lilijikokota likalala kwenye majani, na baba aliisimulia habari hiyo kama kichekesho mpaka mwisho wa maisha yake. Kaka hakuicheka hata mara moja. Tangu siku hiyo, chochote kinachofungwa kwa kuzungushwa anakikaza, na ukimwambia imetosha, anaongeza. "Kidogo tu," anasema, "kwa usalama."

Gari tulilonalo sasa ni la mama. Ni la zamani, refu nyuma, la rangi ya chai ya maziwa, na mama ndiye pekee anayeliendesha. Kaka ana pikipiki ya kazini. Dada yangu anayenifuata kwa juu hupanda gari la mume wake. Mimi kitindamimba ndimi ninayeishi na mama, nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya meno, na leseni sina. Nilifanya mtihani, nikaambiwa nirudi, nikaona wamenikosea adabu, sikurudi.

Mama ni fundi cherehani. Anashona sare za shule, kaptula na sketi kwa mafurushi, na kuzipeleka anazipeleka mwenyewe, kwa sababu anasema mtu mwingine akizipeleka zinafika zimekunjamana. Bila gari ni fundi wa mtaa wetu huu tu. Akiwa na gari ni fundi wa shule zote mpaka ng'ambo ya daraja, walimu wakuu wanamtolea kiti, na akiwa njiani hakuna mtu wa kumuuliza chumvi iko wapi. Kwa hiyo ukisikia habari za breki, usifikiri tulikuwa tunazungumzia breki.

Alasiri moja alirudi, akatupa mkoba kwenye kiti, akasema, "Breki inanidunda."

"Inakudunda vipi?"

"Nikiwa na mwendo, nikakanyaga, pedali inanisukuma mguu, inaniachia, inanisukuma, inaniachia. Kama kuna mtu chini pale anabisha hodi. Na usukani nao unatikisika."

"Na ukiwa polepole?"

"Polepole haisemi kitu."

Kesho yake akalipeleka kwa fundi wake, mtu mmoja mnene, mcheshi, ambaye kila gari likitoka mikononi mwake husema ni uhakika, mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Uhakika aliwahi kupokea lalamiko hilo hilo mwanzoni mwa mwaka, na akabadilisha diski za mbele, zile sahani za chuma zinazozunguka pamoja na tairi, ambazo breki huzibana ili gari lisimame. Sasa kuambiwa tena breki inadunda ilikuwa kama kuambiwa chakula chake kina nywele.

Alilizungusha gari uani mwake, kati ya lori lisilo na injini na kamba ya nguo za mke wake, akakanyaga breki, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Mama, hili gari ni uhakika. Diski mpya nimeziweka mimi. Diski mpya haziwezi kudunda." Akajifuta mikono, akatazama juu. "Labda ni umri."

"Umri wa nani?"

"Wa pedali, mama."

Uhakika hakuwa na ubavu wa kummalizia mama sentensi ile. Alimpigia kaka simu akaimalizia huko.

Jumapili walikuja wote wawili, kaka na dada. Dada yangu ndiye yule anayepima watu magonjwa kwa simu. Ukipiga chafya mbele yake, kabla hujafuta pua ameshakusomea dalili za hatua ya mwisho. Tunamwita Daktari. Kaka alichukua funguo moja kwa moja, akaenda kulijaribu gari mtaani, na mimi nilimtazama nikiwa mlangoni. Aliliendesha kwa mwendo ambao hata kuku aliyekuwa mbele hakuona sababu ya kupisha. Akakanyaga breki pale kwenye kona, akarudi, akaegesha. Aliingia ndani na uso wa mtu anayeleta habari za msiba.

"Mama," alianza, amekaa wima kama yuko kwenye kikao cha kazi, "tumekuja kuzungumza habari za usalama."

"Wa nani?"

"Wako. Na wa watu wa barabarani."

"Kwani watu wa barabarani wamelalamika?"

"Gari nimelijaribu. Fundi kalijaribu. Pedali imetulia tuli. Sasa kama pedali haitetemeki, na wewe unasikia kitu kinatetemeka, ni nini kinachotetemeka?"

Mama alimtazama tu. "Sema, baba. Mimi si ndiye niliyekuzaa?"

"Mguu, mama."

Daktari alikuwa ameshaiinua simu. "Hapa wanasema mtu akifika umri fulani mishipa ya mguu inaanza kucheza yenyewe, bila yeye kujua. Halafu anakosa hamu ya kula. Mama, unakula vizuri?"

"Nitakula nini, na mkate umeumaliza wewe?"

Kisha mama akachomoa sindano kwenye kola ya gauni lake. Huwa anazo pale siku zote, hata harusini. Ukimkumbatia lazima ujue pa kupita. Akakata uzi kwa meno, akaupitisha kwenye tundu mara moja tu, na muda wote huo alikuwa anamtazama kaka usoni.

"Hiyo ni mikono," kaka akasema. "Kesi yetu ni mguu."

"Na usukani unaotikisika? Huo naushika kwa mguu?"

Kaka alifikiri. Naapa nilimwona akifikiri. "Basi na mikono pia," akasema.

Nilicheka, nikakatazwa. Lakini hakikuwa kichekesho kwa muda mrefu, kwa sababu kaka alinyoosha kiganja na mama akaelewa. Funguo zilikuwa mezani tangu kaka aliporudi nazo, angeweza kuzichukua tu, alitaka apewe. Mama akazisukuma kwa kidole mpaka zikafika kwake.

"Ni kwa muda tu, mama."

"Muda gani?"

Kaka alizitia kwenye mfuko wa shati, shati alilolishona mama mwenyewe, akafunga kifungo cha mfuko, akakivuta kuhakikisha. Mama alikunja mikono mapajani kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali. Nilimchukia kaka pale pale, kwa moyo wangu wote. Kisha nikamwona anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi, na chuki ikanipotea nikiwa bado naitaka.

Siku zilizofuata, sare zilisafiri kwa wabebaji. Furushi moja la sketi lilifika shule ya wavulana. Jingine lilirudi limelowa, na mwalimu mkuu mmoja, yule wa kumtolea mama kiti, alituma ujumbe kuuliza kama mama bado anafanya kazi ama ameshapumzika. Mama aliusoma, akaiweka simu kifudifudi, akashona mpaka nyumba nzima ikawa inatetemeka, na hilo ndilo tetemeko pekee nililolishuhudia kwa mama.

Jioni aliniita chumba cha kushonea. Cherehani yake ni ya kukanyaga, ya chuma, yenye gurudumu kubwa chini.

"Inama. Shika mguu wangu."

Nikainama, nikashika kifundo cha mguu wake. Akakanyaga. Ulikwenda juu na chini kama kitu kilichotiwa mafuta, bila kuruka, bila kusita. Akanionyesha mshono, umenyooka kama mstari wa rula.

"Mguu huu umekanyaga hii pedali tangu kabla wewe hujazaliwa," alisema. "Gurudumu la cherehani likipinda hata kiasi cha ukucha, jicho halioni, mguu unajua. Kuna kitu kinachozunguka kwenye lile gari, na kimepinda. Mimi sijui jina lake. Lakini kimepinda, na kaka yako ananiambia niliyepinda ni mimi." Akageuza kitambaa. "Wakiniondoa kwenye gari, mwanangu, kitakachofuata watasema mguu huo huo usikanyage cherehani."

Nilitoka pale nikampigia kaka simu, nikamwambia maneno ambayo mdogo mtu hamwambii mkubwa wake. Nikamtumia na ujumbe Daktari, wenye picha ya ule mshono. Mama mwenyewe alitoa sharti moja: twende sote barabara kuu, kwa mwendo wa kweli. Breki ikidunda kwa mtu mwingine, funguo zake zirudi. Isipodunda, gari liuzwe na yeye hatalitaja tena.

Kaka alikubali, mradi aendeshe yeye. Kwa usalama.

Jumapili iliyofuata tulikaa garini tukamsubiri, kwa sababu kila Jumapili akija kwetu, kabla ya safari yoyote, hata ya kwenda dukani, kaka lazima akaze nati za matairi. Ana spana yake, na ana bomba refu la chuma analolivisha kwenye mkono wa spana ili apate nguvu zaidi. Anashika bomba, anapanda juu yake kwa miguu yote miwili, anaruka. Anaanza na nati ya kwanza mpaka igome, anahamia ya jirani, anazunguka hivyo hivyo mpaka mwisho. Gari lilikuwa linanesa na sisi ndani.

"Maliza basi," mama alisema dirishani.

"Kidogo tu, mama."

Hatimaye tukaondoka, kaka kwenye usukani, mama pembeni yake, mimi na Daktari nyuma tumebanwa na mafurushi ya kaptula. Tukafika barabara kuu. Mwuza mkate mmoja mwenye baiskeli, kreti limejaa nyuma, alitupita bila hata kuinuka kwenye kiti, akatugeukia kwa huruma.

"Mwanangu," mama aliuliza kwa upole, "tunakwenda, au tumeegeshwa?"

"Naangalia hali ya barabara."

"Barabara ni nzima. Ongeza."

Kilichomwongezea si mama. Ni lori lililotokea nyuma likaanza kupiga honi mfululizo, na kaka, kwa hofu ya kugongwa, akakanyaga mafuta. Tukampita mwuza mkate. Gari likaanza kuvuma. Tulipofika kwenye mteremko wa darajani, mbuzi akaingia barabarani akiwa na mawazo yake, na kaka akakanyaga breki.

Nilisikia usukani kabla sijauona. Uligonga gonga mikononi mwa kaka, miwani ikamcheza puani, goti lake la kulia likawa linapanda na kushuka. Mbuzi alipita salama, lori likatupita likitutukana, na kaka akaliweka gari kwenye majani pembeni ya barabara, si mbali na mahali tairi la baba lilipowapita miaka ile.

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kusherehekea. Lakini kaka alikuwa anatazama chini. Akapandisha suruali polepole, akauangalia mguu wake kama wa mtu mwingine.

"Na mimi," akasema.

"Na wewe nini?" nikauliza.

"Na mimi ninao."

Daktari akainama juu ya simu, vidole vikimkimbia. "Ni wa kurithi!" alisema, sauti imemkauka. "Wameandika hapa, unatoka kwa mama kwenda kwa mtoto wa kwanza. Kaka, unakula vizuri?"

Mama alianza kucheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akajishika mbavu, akalala kwenye dashibodi, machozi yakamtoka. Kila akiinua kichwa anaona mguu wa kaka ulio uchi, anarudi chini.

"Kaka," nikasema, "tulipokuwa tunapitwa na baiskeli, mguu ulikuwa unacheza?"

"Hapana."

"Daktari, iulize hiyo simu yako: ni ugonjwa gani unaopona gari likipunguza mwendo?"

Daktari aliandika kweli. Akasubiri. Kisha akaizima simu, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya mchana.

Ungedhani hapo funguo zingerudi. Lakini Kofia Ngumu hakupewa jina hilo bure. Alisema Uhakika ameapa diski ni mpya, na yeye hawezi kumrudishia mama gari kwa sababu ya kudhani tu. Ataamini akiona kwa macho. Mama akajifuta machozi, akasema, "Basi twende ukaone." Tukaenda, kwa mwendo wa mwuza mkate.

Uhakika tulimkuta uani anakula, na alipotuona tumeshuka wanne akajua amekwisha. Alimwamkia mama shikamoo yenye majuto ndani yake. Akaleta jeki, akaleta spana, akajaribu kulegeza nati ya kwanza ya tairi la mbele. Haikutikisika. Akajaribu kwa mikono miwili. Akaweka mguu. Akavisha bomba, akaning'inia, na nati ikatoa mlio kama wa mlango wa makaburini.

"Ala! Nani kafunga hizi?"

"Mimi," kaka akasema, na naomba uamini, alisema kwa fahari. Alisogea mbele kabisa. "Kila Jumapili. Kila safari. Hapo tairi halitoki ng'o. Watu wengi wanapuuza nati, fundi, lakini mimi naanza na moja, naikomesha, ndipo nahamia nyingine. Naruka juu kabisa."

"Unaruka," Uhakika akasema.

"Kwa miguu yote miwili."

Uhakika alimtazama, akarudi kazini. Tairi likatoka, diski ikabaki imeshikwa pale, inang'aa. Akarudisha nati kuishikilia, kila moja kwa mkono kwanza na kisha kwa spana ndogo, akasema sasa tunapaswa kuona kama inakwenda sawa au inayumba. Kifaa cha kupimia anacho, ila alimwazima fundi mwenzake, na fundi mwenzake alihama mji. Kwa macho matupu diski ilionekana imenyooka kama sahani ya dukani.

"Unataka kitu chenye ncha kikae karibu nayo, kisicheze?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Mama akapeleka mkono kwenye kola. Uhakika akapata kipande cha sabuni ya kufulia, akakibandika kwenye chuma kilicho pembeni ya diski, mama akachomeka sindano kwenye sabuni, akaisogeza taratibu mpaka ncha ikawa inakaribia kuigusa diski lakini haiigusi. Kazi ile walifanya vichwa vikiwa vimekaribiana, wamesahau kabisa kwamba wiki iliyopita mmoja wao alimwita mwenzake mzee kwa mafumbo.

Uhakika akazungusha diski kwa mkono. Sote tukainama. Ncha ya sindano ilikaa mbali na chuma, ikakaribiwa, ikaguswa, *kwrrr*, ikaachwa, mwanga ukapita katikati. Akazungusha tena. Pale pale, *kwrrr*. Pale pale, kimya. Kila mzunguko diski ilikuwa inakwenda kwenye sindano na kurudi.

"Imepinda," Uhakika akasema. Akaitoa diski, akaipima kwa sindano ile ile sehemu inayoishikilia, kuona kama tatizo liko nyuma yake. Hiyo ilizunguka sawa, haikugusa hata mara moja. "Gari ni zima. Ni diski tu. Ukikanyaga breki, pedi zinaibana, na pale palipopinda zinasukumwa nyuma. Zikisukumwa, pedali inasukuma mguu. Mama, nisamehe. Mguu wako ni mzima."

"Lakini ni mpya!" kaka akasema. "Nini kinapinda diski mpya?"

Uhakika aliokota nati moja, akaitazama. Akalitazama bomba. Kisha sote, mmoja baada ya mwingine, tukageuka tukamtazama kaka. Hata mke wa Uhakika, aliyekuwa anaanua nguo, alisimama.

"Diski inabanwa na nati hizi hizi za tairi," Uhakika alisema kwa sauti ya chini. "Ukizikaza kupita kiasi, na ukimaliza upande mmoja ndipo uende mwingine, unaivuta inakaa mshazari. Inakwenda hivyo, inapata moto, inapinda. Nilipofungua zile diski za kwanza nati zilikuwa hivi hivi, nikasema waliozikaza ni watu wa matairi."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia kaka. Nilikuwa nimeyapanga tangu siku ile ya kifungo cha mfuko. Lakini alikuwa amesimama pale mikono imemlegea, mtu mzima, afisa, mwenye watoto wake, na uso wake ulikuwa wa yule mtoto wa kiti cha mbele.

"Mimi nilikuwa naogopa litoke tena," alisema. "Kila ukiondoka na gari hili, mama, naliona lile tairi linapita. Niko kazini, naliona. Nilidhani siku moja watanipigia simu."

"Najua," mama akasema.

"Nilitaka kukulinda."

"Najua, baba. Umenilinda mpaka karibu uniue."

Kaka akapeleka mkono mfukoni. Kifungo kikagoma. Alikuwa amekivuta na kukivuta wiki nzima, uzi umejisokota, na vidole havikumtii. Mama akamsogelea, akamsogeza mkono, akakifungua yeye. Akatoa funguo, na kabla hajaondoka akakipapasa kile kifungo kuona kama kinahitaji kushonwa upya.

Diski nyingine zilipatikana katikati ya wiki, na kaka aliomba ruhusa kazini aje kuzifunga. Uhakika alitoa kabatini spana iliyoviringishwa kwenye kitambaa safi, ile ambayo nati ikifika kiasi chake inalia *tak*, ukisikia unaacha. Tulipouliza kwa nini hajawahi kuitumia kwa gari letu, alisema ni ya wateja wakali. Mama akamwambia kuanzia leo yeye ni mkali.

Uhakika akamwonyesha kaka: unakaza hii kidogo, kisha ile inayotazamana nayo, si ya jirani, unakwenda hivyo mpaka zote zilie. Kaka alikaza. *Tak.* Akabaki ameshika spana, uso wake wa mtu aliyeambiwa akalale aache mlango wazi.

"Kidogo tu," akasema.

"Weka chini," mama akasema.

Akaweka chini.

Kurudi nyumbani mama aliendesha. Kaka alikaa pembeni yake, mimi nyuma na kaptula zangu. Barabara kuu ilikuwa nyeupe, mama akaongeza mwendo, gari likaanza kuvuma, na kwenye mteremko wa darajani akakanyaga breki bila mbuzi wala sababu. Gari likapungua mwendo lote kwa pamoja. Usukani ulitulia mikononi mwake.

"Kimya," mama akasema, akacheka peke yake kwa furaha, akaongeza tena mwendo.

Hapo ndipo nikauona mguu wa kaka. Alikuwa amekanyaga zulia la gari kwa nguvu zake zote, mahali ambapo hakuna pedali yoyote, na mguu wote, kuanzia kiatu hadi pajani, ulikuwa unatetemeka. Mama naye aliuona.

"Mwanangu, mguu wako."

"Ni gari, mama."

"Gari limepona."

Kaka alitazama mbele, pale kwenye majani ya siku ile ya tairi la baba.

Mama alipunguza mwendo, akapunguza tena, mpaka mwuza mkate akatupita na baiskeli yake, na tukaenda hivyo hivyo hadi nyumbani.